Ukuta Hausemi Mpaka Uanguke

Ndugu msikilizaji, na wewe unayeyasoma maneno haya gazetini baada ya kuyakosa hewani, juma hili tunaelekea Bagamoyo. Hatuendi kuzungumzia misafara ya pembe za ndovu wala minyororo ya watumwa, mambo ambayo yamekwishasemwa sana na hayana budi kuendelea kusemwa. Leo tunakwenda kutazama kuta. Tunakwenda na swali moja ambalo kila mwenye nyumba, mwenye kiwanja na mwenye ndoto ya kujenga anapaswa kujiuliza: ni nani anayeiangalia kazi ya fundi kabla haijafunikwa?

Katika mji ule lipo jengo kubwa linaloitwa Boma. Wajerumani walilijenga mwaka 1897, miaka 6 baada ya makao makuu ya serikali yao kuhamishiwa Dar es Salaam. Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja na akaondoka, na nchi ikawa yetu wenyewe, Boma likiwa limesimama palepale. Kisha zikaja mvua za El Nino za mwaka 1997/98, mvua ambazo wengi wetu tunazikumbuka kwa barabara zilizokatika na mashamba yaliyosombwa. Sehemu ya Boma nayo ikaanguka, likiwa limekwishatimiza umri wa miaka mia moja.

Sasa, ukuta unapoanguka huonyesha tumbo lake. Jiwe, chokaa, mbao na chuma, vitu ambavyo kwa miaka mingi vilifichwa na lipu na rangi, hubaki wazi kwa kila mpita njia. Hata mtoto wa shule anaweza kunyoosha kidole akasema, hapa chokaa ilikuwa nyingi, hapa paliliwa na maji, hapa chuma kimekuwa unga. Ama kweli, siku ya kuanguka ndiyo siku ambayo nyumba nyingi hukaguliwa vizuri kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Ukuta hausemi mpaka uanguke. Ukishapigwa plasta na kupakwa rangi, ukuta mzuri na ukuta mbovu hufanana kama mapacha. Mgeni rasmi aliyekuja kukata utepe hawezi kuutambua ugonjwa, hata angekuwa na shahada tatu. Ukaguzi wenye maana hufanyika siku ya matope, mtaro ukiwa wazi na nondo zikiwa bado zinaonekana. Historia ya pwani yetu, kutoka Kunduchi hadi Bagamoyo, inatufundisha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote cha uhandisi.

Tuanze mbali kidogo. Kilometa chache kusini ya Bagamoyo yapo magofu ya Kaole. Pale kuna mabaki ya msikiti ambao wataalamu wanauweka katika karne ya 13, na makaburi ya mawe yaliyojengwa karne kadhaa baadaye. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliyachunguza mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukirudi upande wa Dar es Salaam, pale Kunduchi, kuna magofu mengine ya msikiti, na makaburi yaliyopambwa kwa sahani za Kichina. Watu wetu wa pwani walijenga kwa mawe zamani sana kabla ya meli ya kwanza ya Mreno kuonekana.

Walijengaje? Mawe yalikuwa ya matumbawe. Yale magumu yalichimbwa nchi kavu, na yale laini yalitolewa baharini yakachongwa yangali mabichi, kwa ajili ya mihrabu na miimo ya milango. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayohayo. Yalirundikwa juu ya magogo, yakachomwa, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa yapoe na kulainika kwa muda mrefu. Sakafu ya juu ilibebwa na boriti za mikoko.

Hebu tuitazame kazi hiyo kwa jicho la mkaguzi. Chokaa iliyotumika ikiwa changa bado ina punje ambazo hazijaiva. Punje hizo huendelea kuvimba ndani ya ukuta, na baada ya muda hurusha lipu vipande vipande. Kwa hiyo fundi mwenye haraka aliumbuka mapema, na mji mzima ukajua kwamba fulani anajengea chokaa mbichi. Ukuta wenyewe ulipanda polepole, kwa kuwa chokaa hukauka polepole. Kila siku ya kungoja ilikuwa siku ya kuangalia. Muda, msikilizaji, ulikuwa ni mkaguzi asiyelipwa mshahara na asiyepokea chai.

Mkaguzi wa pili alikuwa boriti. Ukiingia katika nyumba ya kale ya mawe, iwe Bagamoyo, Unguja au Lamu, utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Watu husema hayo yalikuwa mapenzi ya watu wa zamani, lakini sababu kubwa ni boriti. Mti wa mkoko haukubali kubeba sakafu nzito ya mawe na chokaa ukipita upana wa meta 3 hivi. Tajiri angeweza kuwa na fedha, akawa na watumishi, akawa na hasira, lakini asingeweza kumlazimisha fundi kupanua chumba kupita kimo cha boriti. Kanuni ya ujenzi haikuandikwa kwenye karatasi. Ilikuwa ndani ya mti wenyewe.

Nakuomba hapa tusidanganyane. Kuna watu wakiyaona magofu ya Kaole husema, aah, wazee wetu walijenga, sisi tunachezea udongo. Maneno hayo ni matamu lakini ni nusu ya ukweli. Tunayoyaona leo ni yale yaliyosalia. Yale yaliyoanguka katika masika ya kwanza hayakuacha gofu la kutembelewa na watalii. Isitoshe, wengi wa wakazi wa pwani waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti, na hizo hazikungoja karne. Hivyo basi, zamani haikuwa pepo ya mafundi. Ilikuwa na tofauti moja tu kubwa na siku zetu: makosa mengi ya ujenzi yalijionyesha mapema, nyumba ikiwa bado haijabeba watu wengi juu yake.

Na pale ambapo makosa hayakujionyesha yenyewe, hali ya hewa ilikuja kukagua. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao Bagamoyo mwaka 1868. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilikipiga kisiwa cha Unguja na pwani ya Bagamoyo, kikaharibu majengo mengi ya misheni ile changa. Wamisionari wakaanza upya. Kanisa la zamani ambalo wageni huonyeshwa hadi leo, lenye mnara unaohusishwa na jina la Livingstone kwa kuwa mwili wake ulipitishwa hapo Februari 1874, ni la kipindi hichohicho. Waliojenga baada ya kimbunga walijua wanamjengea nani: walimjengea upepo.

Sasa tuingie kwenye chuma, kwani hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, viwanda vya Ulaya vilianza kutoa nguzo na mihimili ya chuma kwa wingi. Chuma kikaja na meli hadi kwetu. Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib pale Unguja mwaka 1883, alisimamisha nguzo za chuma zilizoagizwa ng'ambo. Wajerumani nao walipofika walichanganya matumbawe na chokaa ya pwani na mihimili ya chuma. Vyumba vikapanuka. Boriti ya mkoko, yule mkaguzi wa zamani, ikapigwa kumbo.

Hapo kukawa na hatari mpya. Mbao huliwa na mchwa, nawe ukaona vumbi. Chokaa hupasuka, nawe ukaona ufa. Chuma kilichozikwa ndani ya ukuta huugua kimyakimya. Hewa ya bahari ina chumvi. Chumvi na unyevu vikikifikia chuma, kutu huanza. Na kutu si sawa na chuma kilichoizaa, maana hujaza nafasi kubwa zaidi. Kwa maneno mengine, chuma kikipata kutu huvimba, na kikivimba hupasua jiwe au zege lililokikumbatia. Ufa unapotokea nje, ugonjwa umekwishakaa ndani miaka mingi.

Wazungu wenyewe waliijua hatari ya chuma kwa msiba. Nchini Uskochi lilijengwa daraja refu la reli juu ya mlango wa mto Tay. Mkaguzi wa serikali alilipima Februari 1878, akapitisha treni juu yake, akaridhika. Daraja likafunguliwa mwaka huohuo. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, katikati ya dhoruba, sehemu ya katikati ikaanguka pamoja na treni iliyokuwa ikipita na abiria wake. Hakupona hata mmoja. Uchunguzi uliofuata ulisema wazi kwamba daraja lilisanifiwa vibaya, likajengwa vibaya na likatunzwa vibaya. Jambo moja lililobainika linasisimua mwili: baadhi ya nguzo zilitoka kiwandani zikiwa na matundu, na matundu hayo yakazibwa kwa mchanganyiko wa nta na unga wa chuma, kisha yakapakwa rangi.

Tafakari hilo, msikilizaji. Mkaguzi alikuja. Mkaguzi alipima. Mkaguzi hakuwa mjinga. Lakini alikuja wakati nta imekwishazibwa na rangi imekwishakauka. Aliikuta kazi imekwisha, na kazi iliyokwisha husema uongo.

Kutokana na misiba ya namna hiyo, elimu ya kupima ilikua. Mjini London, David Kirkaldy alifungua karakana ya kuvuta na kuvunja vyuma ili kujua nguvu yake kabla havijatumika. Huko Chicago, mwaka 1918, mtafiti Duff Abrams alitoa matokeo ya majaribio yake juu ya zege. Alionyesha kwamba nguvu ya zege hutegemea sana kiasi cha maji kikilinganishwa na saruji. Maji yakizidi, zege hulainika na kumwagika kwa urahisi, fundi anafurahi, lakini likikauka huwa dhaifu. Leo hii kwenye saiti yoyote ya kuheshimika utakuta kopo la chuma lenye umbo la pia, kimo chake sentimita 30, la kupimia kama zege limezidi maji. Utakuta pia vibati vya kutengenezea michemraba ya zege, sentimita 15 kila upande. Michemraba hiyo hulowekwa majini, mingine ikavunjwa kwa mashine siku ya 7 na mingine siku ya 28, ili ijulikane zege lile lina nguvu gani.

Wataalamu wana maneno mawili ambayo sisi watu wa kawaida huyachanganya: udhibiti wa ubora na uhakikisho wa ubora. Nitayaeleza kwa tofali. Ukichukua tofali moja kati ya mia ukaliangusha kutoka usawa wa kiuno, likavunjika kama andazi, ukayakataa yote mia, huo ni udhibiti. Unapima kilichokwishafanywa. Lakini ukimfuata mfyatuaji kabla hajaanza, ukahakikisha mchanga wake hauna chumvi wala udongo, anapima kwa ndoo badala ya kukisia kwa koleo, mfuko wa saruji hautamegwa utoe tofali 50 pale ulipopaswa kutoa 30, na tofali zitamwagiwa maji kwa siku kadhaa kivulini, huo ni uhakikisho. Unaizuia hasara isizaliwe. Nyumba inahitaji vyote viwili, kwani kimoja bila kingine ni sawa na kufunga mlango ukaacha dirisha wazi.

Je, elimu hiyo ilifikaje kwetu? Ilifika ikiwa imegawanywa. Mwaka 1891 Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi kwa mji wa Dar es Salaam. Kanuni hizo ziliugawa mji kwa aina ya nyumba: upande huu nyumba za namna ya Kizungu, upande ule nyumba imara za namna nyingine, na kwingineko vibanda vya namna yoyote. Waingereza waliendeleza mtindo huo wa kanda. Hivyo mkaguzi wa ujenzi alizaliwa akiwa na mitaa yake. Uzunguni alifika na futi yake. Uswahilini alifika kwa habari ya choo, mbu na moto, au kubomoa. Kwamba nyumba ya Mwafrika nayo ina msingi unaostahili kupimwa, hilo halikuwa hesabu yake.

Urithi huo haukufa tulipopandisha bendera mwaka 1961. Serikali ya uhuru ilifanya mengi, na tusiibeze. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, hapohapo kaskazini ya Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966. Na hapa pana jambo la kufurahisha: jiwe linalosagwa na kuchomwa Wazo ni chokaa ya matumbawe ya kale, ndugu wa jiwe lililojenga Kaole. Mwaka 1968 ikapatikana sheria ya kusajili wahandisi. Mwaka 1971 kikaanzishwa kitengo cha utafiti wa ujenzi, kutafuta njia za nyumba bora kwa mwananchi. Mwaka 1975 likaundwa Shirika la Viwango, mwaka 1979 likaja Baraza la Taifa la Ujenzi, na mwaka 1997 zikapitishwa sheria tatu kwa mpigo: ya wahandisi, ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na ya makandarasi. Kwa upande wa karatasi, basi, hatukosi kitu. Tuna viwango, tuna bodi, tuna mihuri.

Kulikoni basi tukaendelea kuzika watu?

Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa zaidi ya 10 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka. Watu 36 walipoteza maisha. Ilielezwa hadharani wakati ule kwamba jengo lilikuwa limepita idadi ya ghorofa zilizokubaliwa katika kibali. Tufikirie hapo. Ghorofa si sindano. Haifichwi mfukoni. Kila ghorofa iliyozidi ilipandishwa mchana, kwa zege, kwa kelele, mbele ya macho ya jiji zima.

Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa nne pale Kariakoo, lililojaa maduka na wachuuzi, liliporomoka nalo. Waliofariki walizidi 20. Iliripotiwa kwamba kazi ya kuchimba chini ya jengo ilikuwa ikiendelea huku biashara juu ikiendelea. Waziri Mkuu wa wakati huo akaunda kamati ya kuchunguza majengo ya Kariakoo. Ndiyo, tulikagua, lakini kwanza tulichimba kifusi.

Wala si kwetu peke yetu. Jirani zetu wa Nairobi waliona jengo la ghorofa sita likianguka mtaa wa Huruma usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakafa watu wapatao 50. Jengo lile lilikuwa limekwishaorodheshwa kuwa la kubomolewa. Maana yake mkaguzi alifika, akaona, akaandika. Lakini wapangaji waliendelea kulala mle, kwa sababu maandishi ya mkaguzi hayakuwa na mkono wa kufunga mlango. Na Unguja, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib ilianguka ikiwa katika matengenezo, ikaua mafundi wawili. Sehemu nyingine ya jengo hilohilo ilikuwa imekwishaanguka mwaka 2012. Lilikuwa limeanza kusema, msikilizaji, na lilisema kwa sauti.

Ukiyaweka matukio haya pamoja utaona aina tatu za ukaguzi usiofaa. Kuna ule unaochelewa, kama wa daraja la Tay, unaokuta rangi imekauka. Kuna ule unaofumba macho, ambapo ghorofa za ziada hupanda na hakuna anayeuliza. Na kuna ule unaoona lakini hauna nguvu ya kusimamisha. Vyote vitatu huacha faili lenye mihuri, na vyote vitatu huishia kwenye kifusi.

Sasa turudi barabara ya Bagamoyo. Toka Tegeta kwenda Bunju, vuka Mapinga, Kerege na Zinga mpaka uingie Bagamoyo mjini. Pande zote mbili utaona msingi huku, linta kule, nyumba isiyo na paa pale, mwembe umeota sebuleni. Ni nyumba za kudunduliza. Mtumishi anapata posho, ananunua mifuko kumi ya saruji. Mama muuza samaki anapokea mchezo, ananunua nondo sita. Nyumba hukua kwa miaka mitano, kumi, hata kumi na tano. Mafundi hubadilika: wa msingi si wa kuta, wa kuta si wa paa. Anayeijua historia yote ya nyumba ile ni mwenyewe peke yake, naye mara nyingi yuko kazini mjini wakati zege linamwagwa.

Nyumba hizi hazitangazwi kwenye zabuni. Hazina mhandisi mshauri. Zimerithi pengo lilelile la mwaka 1891, kwamba mkaguzi ana mitaa yake. Na nyingi ziko karibu na bahari, ambako mchanga wa bure unavutia. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi ni adui wa nondo. Zaidi ya hapo, kuchota mchanga mitoni na ufukweni kwenyewe kumechangia bahari kula nchi. Wakazi wa Kunduchi wameona pwani ikimegwa, na hoteli ya Africana ilikwisha kwa mmomonyoko huo. Yaani mtu anaweza kuharibu nyumba yake na ya jirani kwa toroli moja.

Nasikia mtu akiniambia, ndugu mtangazaji, unazungumza kama una fedha za kuajiri mhandisi. Halmashauri ina wakaguzi wachache na gari moja bovu. Utamleta nani Kerege aje kutazama nondo zangu nne? Hoja hiyo ni ya kweli, na asiyeijibu ana deni. Lakini kumbuka fundisho la ukuta: hatuhitaji mkaguzi kila siku. Tunamhitaji siku chache zilizochaguliwa, zile ambazo baada yake kitu kinafunikwa moja kwa moja.

Siku ya kwanza ni pale mtaro wa msingi umekwishachimbwa na kabla zege halijamwagwa. Je, chini ni udongo mgumu au jalala la zamani? Siku ya pili ni pale nondo zimekwishasukwa na boksi la mbao limefungwa. Je, nondo ni unene ulioandikwa kwenye ramani? Ringi zimekaribiana inavyotakiwa? Kuna nafasi kati ya nondo na mbao ili zege lizifunike, au zimelalia mbao na zitaachwa uchi? Siku ya tatu ni siku yenyewe ya zege. Hapo ndipo utasikia, "Bosi, zege limekuwa gumu, tuongeze ndoo ya maji?" Ukisema ndiyo, umeiuza nguzo yako kwa ndoo moja. Kisha kuna siku saba au zaidi za kumwagilia maji, kazi ambayo haihitaji diploma, inahitaji ndoo na mtu mwaminifu. Na siku ya mwisho ni kabla ya plasta, ukuta ukiwa bado uchi.

Kwa siku hizo, jirani watano wanaojenga mtaa mmoja wanaweza kuchangishana wakamlipa mhandisi aliyesajiliwa apite kwao wote kwa asubuhi moja. Mwenye nyumba anaweza kupiga picha kwa simu yake, tarehe ikiwa inaonekana, akazihifadhi pamoja na hati ya kiwanja. Hilo peke yake ni nusu ya uhakikisho wa ubora, maana kumbukumbu humfanya fundi mwenye haya kuwa fundi mwangalifu. Na mtu atakayeongeza ghorofa miaka ishirini baadaye atajua amebebwa na nini.

Kwa upande wa serikali za mitaa, kibali cha ujenzi kisiwe risiti ya malipo tu. Kiandikwe ndani yake siku za kusimama, na kazi isiendelee mpaka ipatikane saini ya mtu aliyefika kwa miguu yake na kutazama kwa macho yake. Jina lake liandikwe kwa herufi zinazosomeka. Ubao wa mradi, ambao sheria inautaka uwekwe kwenye saiti, useme pia idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa, ili mpita njia naye ahesabu. Mji ukijua kuhesabu, ghorofa ya kumi na moja haitapanda kimya. Na mkaguzi akiandika kwamba watu watoke, watoke siku hiyohiyo.

Wahenga walituachia methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni maneno mazuri, lakini yanazungumza na mtu ambaye nyumba yake imekwishasimama na imeanza kuonyesha dalili. Mjenzi wa zege na nondo hawezi kuungoja ufa. Ufa wake unaweza kuja siku moja na kifusi. Yeye anatakiwa kutazama mapema zaidi, pale ambapo hakuna cha kuziba ila kuna cha kukataa.

Ndugu msikilizaji, kama wiki hii kuna mtaro uliochimbwa kwenye kiwanja chako, usiwaachie mafundi na redio. Nenda kautazame kabla haujafunikwa. Muda wangu umekwisha. Tukutane tena wiki ijayo, saa na wakati kama huu.